Kubadili Mahadhi, Kubadili Moyo

Je, mwimbaji anayebadili muziki wake ili apendwe na wengi amesaliti kitu? Swali hili huja kanisani kila mara kwaya ya vijana inapoacha kuimba kwa sauti nne na kuchukua kinanda chenye mpigo wa Bongo Fleva. Wazee husema imani imeuzwa. Vijana husema Injili imepata masikio mapya. Kabla ya kuchagua upande, tuwatazame jirani zetu.

Sisi wa Tunduma tumepakana na Nakonde, na mambo ya Zambia si ya mbali kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa nchi hiyo, hasa wa miji ya migodi ya shaba, walianzisha bendi za roki ambazo muziki wao leo huitwa Zamrock. Iliyovuma sana ni WITCH, iliyoongozwa na mwimbaji Emanuel Chanda, maarufu kama Jagari. Jina hilo kwa Kiingereza husomeka "mchawi", ingawa wenyewe walilieleza kuwa ni kifupi cha maneno yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Mkristo halazimiki kulipenda jina ili ajifunze kitu. Magitaa yao yalinguruma kwa muda mrefu, mpigo ukaweza kugeuka katikati ya wimbo, na msikilizaji alitakiwa kuwa na subira. Santuri yao ya 1975, Lazy Bones!!, ni ya namna hiyo.

Kisha nyakati zikawa ngumu. Bei ya shaba ilianguka. Vita vya ukombozi katika nchi jirani vilileta amri za kutotoka nje usiku, na bendi zikalazimika kupiga mchana. Reli ya TAZARA inayopita mjini kwetu, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ni ushahidi wa dhiki ile: Zambia ilihitaji kuifikisha shaba yake baharini bila kupitia Rhodesia. Kumbi nazo ziligeukia disko, kwa kuwa mtu mmoja na santuri zake ni nafuu kuliko bendi nzima na vyombo vyake. Jagari aliondoka akawa mwalimu. Waliobaki, pamoja na mpiga kinanda kijana Patrick Mwondela, walisogea hatua kwa hatua kuelekea muziki mwepesi wa kuchezeka, hadi kufikia santuri ya Kuomboka ya 1984.

Je, walisaliti? Sisi hatuoni hivyo. Muziki ulikuwa kazi yao na mali yao, na watu wa nyumbani mwao walihitaji kula. Lakini kwaya haina uhuru wote huo, kwa sababu inachoimba si mali yake. Imekabidhiwa.

Mtume Paulo ametuachia mafundisho mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, anaeleza jinsi alivyojifanya sawa na kila aina ya watu ili awavute baadhi yao kwa Kristo. Katika sura ya kwanza ya Wagalatia anakataa kabisa kwamba mtumwa wa Kristo aweza pia kuwa mtafuta sifa za wanadamu. Ni mtu yuleyule. Anayebadilika ili ampate mwenzake hujinyima kitu. Anayebadilika ili apendwe hujiongezea. Kwa nje wawili hao hufanana, na ndiyo maana tunahitaji kupima.

Martin Luther alilitenda jambo hili. Wimbo wake wa Krismasi "Vom Himmel hoch" ulichapishwa 1535 kwa mahadhi ya wimbo wa mtaani. Mwaka 1539 ukatoka na mahadhi mengine, ndiyo yanayojulikana leo. Aliazima, kisha akaacha alichoazima; habari ya Mtoto aliyezaliwa ilibaki ileile. Kwa hiyo mzee anayekataa kinanda kwa sababu tu ni kipya hana Luther upande wake. Hata nyimbo tunazoziita za asili ya kanisa zilifika na wamisionari zikiwa ngeni masikioni mwa Wanyiha na Wanyamwanga. Tena upo ugumu wa kiburi: kuimba yanayowashinda wengine ili tuonekane wajuzi. Huko nako ni kutafuta sifa, ila kwa watu wachache.

Lakini kijana naye ana la kujibu. Wimbo ulipofanywa mwepesi, ni nini kilichopunguzwa? Mara nyingine haikuondoka sauti ya nne tu. Toba iliondoka, msalaba ukaondoka, na mahali pake wakakaa adui wanaoaibishwa na biashara zinazofunguka. Katika mji wa mpaka, ambako malori hupanga foleni na kila mtu anatafuta upenyo, ujumbe huo unauzika. Mjane aliyezika juzi anapata nini katika wimbo usiojua kulia? Nao usharika uliokuwa ukiimba, mbona sasa unatazama tu na kurekodi kwa simu?

Makofi yenyewe ni kipimo kibovu. Miaka mingi baadaye, wengi wa wanabendi wa kwanza wa WITCH wakiwa wamekwisha kufariki, wasikilizaji wa nchi za mbali walizitafuta santuri zile ngumu za zamani, na mwaka 2023 Jagari na Mwondela walitoa mpya, Zango. Sifa za watu huja na kuondoka bila ratiba. Anayezikimbilia hajui atakimbia mpaka lini.

Basi kwaya inapotaka kwenda studio, mchungaji, wazee na vijana wakae kwanza na karatasi ya maneno. Wayasome kwa sauti, bila ala yoyote. Yakisimama yenyewe kuwa habari njema kwa mwenye dhambi na kwa aliyefiwa, mpigo wa vijana utayabeba vizuri. Yasiposimama, kinanda kipya hakitayaokoa, wala sauti nne hazitayaokoa.