Mwaliko wa Arusi ya Ng'ambo: Je, Wamlazimu Mwalikwa?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa hapa Sultan Hamud, katika darasa la baada ya alasiri, suala ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi, kwani si la mtu mmoja tena. Kijana afanyaye kazi Nairobi ameazimia kuoa Unguja, katika hoteli ya ufukweni. Si kwa kuwa bibi arusi ni wa huko, bali kwa kuipenda bahari. Jamaa wote wamealikwa. Ami yake ni mkulima wa ndengu, mvua haikumpa kitu mwaka huu, na ada ya shule ya wanawe haijatimia. Naye aambiwa na jamaa kwamba kuitika mwaliko wa walima ni wajibu, na asiyekwenda amekata udugu. Afanye nini?

Kwamba kuitika walima ya ndoa ni wajibu, hilo ni kweli, na ndiyo kauli ya madhehebu yetu ya Kishafii. Lakini wanavyuoni wameuwekea wajibu huo masharti, na hao wamwambiao ami mtu habari ya wajibu wameyaacha masharti nyumbani. Mojawapo ni kuwa mwaliko usiwahusu matajiri pekee, maskini wakaachwa. Hapa twamwomba msomaji atulie kidogo. Kadi imeandikwa majina ya wote. Lakini mtu akiwaita watu wote mahali ambapo hawafiki ila wenye mali, amewaita nani hasa? Sisi twaona maana ni moja, hata kama nia ya kijana ni njema, nasi hatuna sababu ya kuidhania vibaya.

Tena mashaka ya safari ni udhuru. Kutoka hapa hata Mombasa peke yake ni zaidi ya kilomita 300, na bado mpaka, na bado bahari. Tumesikia wengine wakikopa kwa simu ili wapate nauli na kitambaa cha sare, mkopo ambao hurudishwa na ziada. Huyo ameikimbilia haramu iliyo wazi ili atimize jambo ambalo sheria yenyewe imekwisha kumsamehe! Na chakula cha watoto na ada yao ni deni lililo shingoni mwake kabla ya kadi haijachapwa.

Atasema mtu, "Je, arusi itakuwaje bila ya jamaa?" Ndoa yataka walii, mashahidi wawili, na maneno ya kuozesha na kukubali. Hata bwana arusi mwenyewe aweza kuweka wakili. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimuoa Ummu Habiba naye yuko Habasha, ng'ambo ya bahari, na yeye Mtume yuko Madina. Najashi ndiye aliyesimamia jambo hilo na kumtolea mahari. Hakuna aliyeona kwamba ndoa ile ilipungua kitu kwa umbali ule. Basi ami mtu na atume salamu, na zawadi kwa kadiri yake, na amwombee kijana baraka akiwa kwake.

Kwa upande wa mwenye arusi, neno letu ni fupi. Akitaka ami yake awepo, amlipie nauli, au afanye walima nyingine hapa nyumbani, japo ya mbuzi mmoja. Wala asiwatume watu kumhesabia ami makosa. Mji wetu wenyewe umechukua jina la mgeni, Sayyid Hamud bin Muhammad aliyetawala Unguja tangu 1896 hata 1902. Basi haifai sisi tukawa watu wa kuwageuzia wageni heshima ikawa kodi.

Ama mwenye uwezo, na aende, na furaha yake ina thawabu. Ila asidhani kitambulisho chake kitamvusha mpaka wa Tanzania. Ajitwalie pasi au hati ya muda mapema, apite Lunga Lunga au njia ya Emali na Oloitokitok, kisha apande boti Dar es Salaam. Watokao Kenya huulizwa cheti cha sindano ya homa ya manjano, na sindano hiyo haihesabiwi ila baada ya siku 10, basi asiingoje juma la arusi. Mwenye cheti cha zamani asikitupe, kwani tangu 2016 sindano moja yatosha umri mzima. Njiani atakusuru sala zake. Lakini akinuia kukaa Unguja siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, ataziswali kamili tangu anapofika.