Akiba ya Kurudi Ufukweni

Wahenga walisema akiba haiozi. Mtu anayeandaa boti ya mbio, ile ndogo ya umeme inayoendeshwa kwa rimoti, atakuambia kwamba kwake inaoza, tena ndani ya dakika 6. Filimbi ya mwisho ikilia huku betri ina chaji, chaji hiyo ni mwendo ambao hakuutumia. Kwa hesabu yake, boti iliyoandaliwa vizuri kuliko zote ni ile inayovuka mstari ikiwa tupu.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda kwa sababu naishi Babati, na Babati tuna ziwa. Swali langu ni hili: je, ni haki kukitumia chombo mpaka tone la mwisho, kama atakayelipia tone hilo ni mtu mwingine?

Tuanze na chombo chenyewe. Ndani ya boti hizi kuna mota isiyo na brashi, kidhibiti kasi, kipokezi cha mawimbi na betri ya lithiamu. Naviga, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa mwaka 1959, lina madaraja yanayoitwa ECO. Boti kadhaa huachiwa pamoja zizunguke maboya kwa dakika 6, na uzito wa betri umewekewa kikomo. Anayemaliza mizunguko mingi ndiye mshindi. Kwa hiyo haitoshi kuwa na mota kali. Lazima ujue kuigawa chaji yako kwenye muda uliopewa.

Hesabu yake si ngumu. Chukua betri ya miliampea-saa 5,000. Mtumiaji mwangalifu hatoi zaidi ya asilimia 80, maana seli ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2 na ukiishusha chini ya volti 3 unaanza kuiua. Unabaki na 4,000 za kutumia. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, hivyo mota inaruhusiwa kunywa wastani wa ampea 40. Sasa ondoa propela ya milimita 40, uweke ya 42. Kwa macho huoni tofauti kubwa. Lakini kasi ya mzunguko ikibaki ileile, nguvu ya kuizungusha propela hupanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo chake, yaani karibu asilimia 28. Milimita mbili zimekula zaidi ya robo.

Ndiyo maana fundi hukimbiza boti dakika moja, huirudisha, hushika mota kuona imepata joto kiasi gani, kisha huichaji betri na kusoma kwenye chaja ni miliampea ngapi zimeingia. Husogeza betri mbele kidogo pua isirukeruke, halafu hugundua kwamba sasa sehemu kubwa ya boti inagusa maji na mwendo umepungua. Hujaribu tena. Ni kazi inayomfundisha mtu ukweli, kwa sababu maji hayadanganyiki kwa maneno.

Vijana wawili ninaowafahamu, mafundi simu wa hapa mjini, wanaifanya kazi hiyo sasa. Mota na kidhibiti kasi waliagiza mtandaoni. Bodi wamelichonga wenyewe kwa povu gumu na kulipaka gundi ya epoksi. Wanataka siku moja kuwe na mashindano Ziwa Babati, na mimi, kwa kuwa nafundisha fizikia, waliniomba niwasaidie kuandika kanuni. Hapo ndipo ugumu ulipoanza.

Ziwa letu liko ubavuni mwa mji. Ukiwa ufukweni unauona Mlima Kwaraa. Majini kuna perege, kambale, na kuna viboko. Kiboko hamli mtu, lakini ni miongoni mwa wanyama wakubwa wanaoua watu wengi zaidi barani Afrika, na hukasirika hasa anapoona njia yake ya kwenda kwenye kina imezibwa. Katika bwawa la Ulaya boti ikizima, mtu hupiga makasia akaichukua, hadithi ikaisha. Hapa boti ikizima, anayeifuata ni mvuvi mwenye mtumbwi.

Nilipolitaja hilo, kijana mmoja alinijibu bila kusita.

"Mwalimu, si tunamlipa? Elfu tano kwa dakika kumi, nani atakataa?"

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mvuvi ni mtu mzima, anaingia ziwani kila siku kwa hiari yake, na viboko anawajua kuliko sisi. Kama hatari anaichukua kwa ajili ya perege, kwa nini asiichukue kwa ajili ya noti? Kumkatalia kazi kwa kisingizio cha kumlinda nako ni kumdharau. Basi nikamuuliza mvuvi mwenyewe, mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu.

"Mwalimu, viboko nawajua," alisema. "Asubuhi najua wako wapi, na mimi ndiye ninayechagua pa kupita. Nyie mtaniita saa kumi na moja jioni, kwa sababu boti yenu imezima saa kumi na moja jioni. Hapo sijachagua mimi, imechagua betri."

Sijasikia mtu akiieleza hiari vizuri zaidi. Hatari unayoichagua saa yake na njia yake ni sehemu ya kazi yako. Hatari unayotupiwa na uzembe, au na ushujaa, wa mtu mwingine ni kitu tofauti, hata ikiwa na malipo. Pesa inanunua muda wa mzee huyu na makasia yake, lakini uamuzi wa kuzima pale ulifanywa siku nyingi kabla, mezani, na mtu aliyechagua propela ya 42.

Tazama tofauti na mbio za ngalawa za Zanzibar. Nahodha akiongeza tanga kupita kiasi, yeye na mabaharia wake ndio watakaolowa ngalawa ikipinduka. Wako ndani yake. Mwili wao unawaambia upepo umezidi kabla akili haijafanya hesabu. Mwenye rimoti amesimama pakavu. Mkono wake unasukuma kitufe, na hakuna kitu mwilini mwake kinachomwambia basi.

Utengano huo ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Boti ya umeme ya kuongozwa kwa mawimbi ya redio ilionyeshwa na Nikola Tesla mjini New York mwaka 1898. Katika hati ya hataza aliyopewa mwaka huohuo, Tesla aliona manufaa makubwa zaidi ya uvumbuzi wake katika vita: silaha hiyo ingekuwa ya kutisha kiasi cha kuwalazimisha watu kudumisha amani. Miaka zaidi ya 120 baadaye tuna ndege zisizo na rubani, na amani hiyo hatujaiona. Silinganishi mchezo wa vijana wa Babati na vita. Nasema tu kwamba kifaa kinachouweka mkono mbali na matokeo yake hakiji na dhamiri ndani ya boksi. Dhamiri lazima aiongeze anayekiandaa, kama anavyoongeza propela.

Na kumbe tayari tunajua kuiongeza. Zile asilimia 20 tunazoziacha kwenye betri ni akiba, na hakuna anayeziita uoga. Tunaziacha ili betri isife. Kidhibiti kasi chenyewe tumekipanga kikate umeme volti zikishuka, na kitakata hata kama boti iko katikati ya ziwa. Maana yake ni kwamba betri tumeihurumia kwa hesabu kamili, na mzee wa mtumbwi hatukumwekea hata miliampea moja.

Gharama ya kumwekea ni kiasi gani? Boti ikienda polepole hula umeme kidogo sana. Tuseme inarudi kwa ampea 6: kwa dakika 3 itahitaji miliampea-saa 300. Toa hizo kwenye zile 4,000, na wastani wa mbio unashuka kutoka ampea 40 hadi 37. Hiyo ndiyo bei ya kumwacha mzee ashone wavu wake kwa amani.

Kijana wa pili, ambaye alikuwa kimya muda wote, ndiye aliyeleta pingamizi zito. "Sawa, mwalimu. Mimi nikiacha 300 na mwenzangu asiache, ananipita. Wema wangu unampa yeye kombe."

Ni kweli. Wema unaomwadhibu mwenye nao peke yake haudumu, na si haki kumtaka kijana awe mtakatifu huku mpinzani wake akiwa bingwa. Dereva wa basi anayeheshimu mwendo hulijua jambo hili kila abiria wanapopanda basi la mwenzake. Lakini pingamizi hilo linatupeleka kwenye kanuni, si kwenye kukata tamaa. Mchezo wowote ni vikomo ambavyo watu wamekubaliana. Uzito wa betri ni kikomo, dakika 6 ni kikomo, na hakuna anayelalamika kwamba vinamzuia kuwa hodari. Uhodari unaonekana humohumo. Aristotle aliandika kwamba kiasi hakiwi kimoja kwa wote: chakula kinachomtosha Milo, yule mpiga mieleka, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Na kiasi cha bwawa lisilo na kiboko si kiasi cha Ziwa Babati. Kanuni zetu lazima zilijue ziwa letu.

Kwa hiyo nimewaandikia mbili, na wamezikubali baada ya kubishana jioni nzima. Ya kwanza: mizunguko ya boti haihesabiwi mpaka boti irudi ufukweni kwa nguvu zake yenyewe. Hapo anayeacha 300 hajawa mwema tu, amekuwa fundi bora, kwa kuwa safari ya kurudi imekuwa sehemu ya mbio. Ya pili ni kwa sababu akiba haizuii kila kitu. Magugu yanaweza kujisokota kwenye propela ya boti yenye chaji tele. Boti iliyokwama itangoja. Itafuatwa saa atakayoitaja mwenye mtumbwi, hata kama ni kesho asubuhi, na akisema hapana, ni hapana.

Vijana wameanza kuandaa boti upya kwa hesabu ya 37. Propela ya 42 imerudi kwenye kopo, na sasa wanapiga msasa tumbo la boti ili wapate kwenye ulaini kile walichokiacha kwenye nguvu. Mmoja wao anasema huenda ikawa na kasi kuliko mwanzo. Sijui, maji yatasema.