Mali Isiyo na Mwenyewe

Mtu ana haki gani juu ya kitu kilichopita mikononi mwa wengi kabla ya kumfikia, nacho kitapita mikononi mwa wengi baada yake? Swali hili laonekana kuwa la mahakimu, lakini lamhusu kila apikaye, ajengaye na asafiriye. Nataka, msomaji, tulitazame kwa mfano wa kitu kilichomo mwilini mwako sasa hivi, nacho ni kaboni.

Kaboni waijua. Kipande cha makaa meusi jikoni karibu chote ni kaboni. Lakini weusi ule ni vazi lake moja tu. Hewani haionekani, maana imeungana na oksijeni ikawa hewa ya ukaa, hewa ile ile tuitoayo kila tushushapo pumzi. Jani huivuta hewa hiyo, na kwa nguvu ya jua huigeuza sukari, ubao na tunda. Mla nazi hula kaboni, kisha huirudisha hewani kwa pumzi zake. Bahari nayo huinywa, na matumbawe huitumia kujenga nyumba zao za mawe.

Safari hii yote yaweza kuonekana Bodo, katika pwani ya kusini ya Kenya, mahali watu wavukiapo kwenda kisiwa cha Funzi. Hapo mikoko imesimama topeni. Majani na mizizi yake ikifa huzama katika tope lisilo na hewa, ikaoza polepole mno. Kwa hiyo kaboni iliyomo udongoni hupita ile iliyomo mitini. Jiwe la matumbawe lililo chini ya sehemu kubwa ya pwani hii lilikuwa mwamba hai wa bahari yapata miaka 125,000 iliyopita. Ukilichoma upate chokaa, kaboni yake huruka. Chokaa ikipakwa ukutani, huivuta tena kaboni kutoka hewani na kugeuka jiwe. Waliojenga Msikiti wa Kongo, kwenye mlango wa mto Mwachema huko Diani, walikopa hewani na kulipa kwa namna hiyo; deni la kuni za tanuri waliuachia msitu ulipe.

Basi kukopa si dhambi, maana kuishi kwenyewe ni kukopa. Lakini wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Ubaya wa deni hupimwa kwa muda wa kulipwa kwake. Ukipikia makumbi na vifuu, warudisha kaboni iliyochukuliwa majira machache tu yaliyopita, na mnazi uliosimama utaichukua tena. Ukifyeka mikoko na kulivuruga tope lake, watumia akiba ya karne nyingi. Ukichoma petroli, watumia akiba ya mamilioni ya miaka kwa mwendo wa saa moja.

Dunia imekopa kwa namna hiyo ya mwisho. Kabla ya viwanda, katika sehemu milioni moja za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Sasa imepita 420. Hewa hiyo huzuia joto lisitoke duniani, na ile inywewayo na bahari huyatia maji uchachu. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa.

Hapa mtu atasema: "Viwanda vile havikujengwa Bodo. Kwa nini mama wa huku azuiwe kukata kuni za kuwapikia wanawe?" Neno hili lina haki ndani yake, wala halijibiwi kwa hotuba. Huko Gazi, kaskazini ya Msambweni, watu wamejaribu kulijibu kwa vitendo. Tangu mwaka 2013, mpango uitwao Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 za mikoko, na watu wa mbali hulipa kwa ajili ya kaboni ihifadhiwayo. Fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule Gazi na Makongeni.

Je, wema unaolipwa ni wema bado? Naona ni wema. Mlinzi wa ghala hulipwa, wala ujira haumpunguzii uaminifu. Shaka yangu iko kwa mlipaji. Anayemlipa mlinzi wa ghala hili hajapata ruhusa ya kuvunja ghala jingine. Akilipa Gazi na kuendelea kuchoma kwake kama jana, amenunua usingizi, hakulipa deni. Vivyo hivyo, ukopaji wa tajiri hautupi sisi ruhusa ya kufyeka. Watupa haki ya kumdai, na mdai mwema hana budi awe na mikono safi.

Wewe kijana utakuwa na jiko, nyumba, pengine na gari. Kila utakapowasha moto, uliza mambo mawili: hiki nikiteketezacho kilichukua muda gani kufanyika, na nani atakayelipa? Dawa ya deni ni kulipa, na aliyekopa ndiye apasaye kulipa, si mtoto atakayezaliwa baada yake.