Kovu Ambalo Mume Hajaliona



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo halitajwi sana hata katika semina za ndoa. Ni kovu la mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, na ambaye hakuundiwa titi jingine kwa upasuaji. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani yalionyesha kwamba mwaka 2020 peke yake, karibu wanawake 6,800 wa Kenya waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Wengi wao ni wake za watu. Kwa hiyo jambo hili liko katika nyumba nyingi, na pengine liko katika nyumba ya jirani yako bila wewe kujua.

Tuchukue mfano. Mume na mke wanaishi Kitengela. Mke alifanyiwa upasuaji Nairobi mwaka jana. Amemaliza dawa, nywele zimeota tena, anakwenda sokoni na kanisani kama zamani. Watu humwambia, "Mama, tumshukuru Mungu, umepona." Lakini usiku yeye huzima taa kwanza ndipo abadilishe nguo. Akioga hufunga mlango kwa komeo. Mumewe hajaliona kovu hilo hata siku moja. Mume hakuuliza, akidhani kwamba kunyamaza ni heshima. Mke hakumwonyesha, akidhani kwamba mumewe hataki kuona. Kila mmoja anamhurumia mwenzake, na kila mmoja amebaki peke yake.

Hapa pana swali la dhamiri. Je, mke ana wajibu wa kumwonyesha mumewe kovu lake? Je, mume ana haki ya kuliona? Na akishaliona, aseme neno gani ambalo ni la kweli na pia ni la upendo?

KOVU LENYEWE

Ni vizuri kwanza tujue tunazungumzia kitu gani, maana hofu hukua gizani. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa Marekani aliyeitwa William Halsted alieneza upasuaji wa kuondoa titi pamoja na tezi za kwapani na misuli ya kifua. Wanawake waliachwa na kifua kilichobonyea na mkono dhaifu. Njia hiyo ilitumika kwa miongo mingi. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba kuondoa misuli hiyo hakumwongezei mgonjwa maisha, na madaktari wakaacha. Uvimbe ukigunduliwa mapema, mara nyingi inawezekana kuondoa sehemu tu ya titi na kufuatia na tiba ya mionzi. Lakini kwetu wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na kutoka Loitokitok au Magadi kwenda kutibiwa kwa mionzi Nairobi kila siku kwa majuma kadhaa si jambo rahisi. Ndiyo maana wengi bado huondolewa titi lote.

Kinachobaki kwa kawaida ni mstari unaoanzia karibu na mfupa wa kidari ukielekea kwapani, na ngozi iliyolala bapa juu ya mbavu. Mwanzoni kovu huwa gumu na rangi yake huonekana wazi. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, au zaidi, hulainika na kufifia. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kovu linaweza kuota nene na kuwasha, na daktari anaweza kulitibu. Ngozi ya mahali hapo mara nyingi hufa ganzi. Wanawake wengine huhisi titi lililoondolewa kana kwamba bado lipo. Mambo haya yote ni ya kawaida na hayana maana kwamba mke anapungukiwa na akili au na imani.

MAKOVU YENYE HADITHI

Hapa Kajiado, zamani morani aliyejeruhiwa na simba hakulificha kovu lake. Watoto walimwomba awasimulie, naye aliwasimulia. Hata mama aliyejifungua kwa upasuaji humwambia mwanawe bila haya, "Wewe ulipitia hapa." Makovu hayo hayana aibu kwa sababu yana hadithi inayojulikana na watu wote.

Kovu la titi halijapewa hadithi. Titi katika fikira za watu ni unyonyeshaji, ni uzuri, ni ujana, ni mambo ya chumbani. Likiondolewa, watu huona kilichotoka tu, wala hawaulizi kilichobaki. Lakini kovu hilo nalo lina hadithi yake: hapo ndipo madaktari walipopita ili watoto wasibaki bila mama na mume asibaki bila mke. Nyumba inayoweza kuisimulia hadithi hiyo waziwazi imekwisha kupunguza nusu ya mzigo.

HAKI AU ZAWADI?

Baadhi ya waume hutaja Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya Barua ya Kwanza kwa Wakorintho, anapofundisha kwamba mke hana mamlaka juu ya mwili wake bali mumewe. Husahau kwamba Paulo anaendelea papo hapo kusema vivyo hivyo juu ya mume. Kila mmoja amejitoa kwa mwenzake. Mtu aliyejitoa hanyang'anywi. Mume anayefungua mlango wa bafu kwa nguvu, au anayesema "mimi ni mume wako, nionyeshe," analitumia Neno la Mungu kama rungu.

Tukumbuke Bwana wetu na Tomaso. Majeraha yake yalikuwa mwilini mwake, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkaribisha Tomaso ayatazame na kuyagusa. Aliyeumizwa ndiye aliyefungua.

Basi jibu letu ni hili: mke hana deni la kumwonyesha mumewe kovu kwa tarehe fulani. Lakini pia hatufanyi vema tukimwambia alifiche maisha yake yote. Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai." Ndoa iliyo na sehemu moja ambayo haiguswi wala haitajwi huanza kukauka kutoka sehemu hiyo. Leo ni kovu, kesho ni kukumbatiana, kesho kutwa kila mmoja analala na ukuta wake. Wajibu wa mke ni kutoifunga njia. Wajibu wa mume ni kuifanya njia hiyo iwe salama kupita.

"HUJABADILIKA HATA KIDOGO"

Waume wengi wema wakiulizwa na wake zao, hujibu haraka, "Kwangu hujabadilika hata kidogo." Nia ni njema, lakini maneno hayo si ya kweli, na mke anajua kwamba si ya kweli. Yeye hujiona katika kioo. Amepoteza sehemu ya mwili wake, na anapoambiwa kwamba hakuna kilichopotea, hukosa mtu wa kuomboleza naye. Anaanza kufikiri, "Kama huyu hawezi kusema kweli juu ya jambo lililo wazi hivi, nitamwaminije anaponiambia ananipenda?"

Ni afadhali mume aseme, "Naona lilivyo. Nasikitika kwa yaliyokupata. Bado nakutaka wewe." Maneno haya matatu yana uzito kwa sababu yameanza na ukweli. Upendo tulioahidi altareni, wa wakati wa afya na wa wakati wa ugonjwa, haukujengwa juu ya ahadi kwamba mwili hautabadilika. Tuliahidi tukijua kwamba utabadilika.

Itakuwaje kama mume akiona kovu kwa mara ya kwanza anashtuka? Tutofautishe mshtuko na dhambi. Mshtuko wa macho huja bila kuitwa, na daktari au padre yeyote atakuambia hivyo. Jambo la dhamiri ni kile anachofanya baadaye: je, anageuza uso na kuondoka, au anabaki na kumshika mkono? Macho huzoea. Kilichotisha juma la kwanza, baada ya miezi kadhaa huwa ni sehemu ya mtu anayempenda. Kama mzigo unamlemea, amtafute daktari, mshauri au padre na kumweleza. Asiyapeleke mambo ya mkewe baa, na asiyamimine juu ya mgonjwa kwa hasira. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tuseme wazi pia kwamba saratani haiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja, kukumbatiana wala tendo la ndoa. Mume anayemkwepa mkewe kwa hofu hiyo anamwadhibu bila sababu.

TITI BANDIA NI UONGO?

Wako wanawake wanaojiuliza kama kuvaa titi bandia ni kuwadanganya watu. Hapana. Mtu anayekutana nawe katika matatu ya Ngong au katika jumuiya hana haki ya kujua historia ya mwili wako. Kujisitiri si kudanganya. Titi bandia pia husaidia nguo zikae vizuri, na likiwa na uzito unaofaa hupunguza mwili kuegemea upande mmoja. Yale ya silikoni ni ghali. Huko Thika, fundi wa kushona aitwaye Mary Mwangi, ambaye mwenyewe aliugua saratani ya matiti, amekuwa akifuma matiti bandia kwa nyuzi na kuwafundisha wagonjwa wenzake kufuma. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya silikoni.

Vivyo hivyo Kanisa halikatazi upasuaji wa kuunda titi jipya. Lakini ni upasuaji mwingine, wenye gharama, maumivu na hatari zake, na uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe akishauriana na daktari. Mume asiulazimishe ili macho yake yapumzike, wala asiukatae kwa sababu tu ya fedha kama mke anauhitaji kwa dhati na uwezo upo. Na mwanamke anayesema, "Nimekatwa vya kutosha, nitaishi hivi," anastahili kuheshimiwa.

WALIOTUTANGULIA

Tarehe 5 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Agatha wa Catania, katika kisiwa cha Sicily, aliyeifia imani katika karne ya 3. Masimulizi ya kale husema kwamba watesi wake walimkata matiti, na ndiyo maana wanawake wenye magonjwa ya matiti humwomba awaombee. Jina lake limo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza.

Naye Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, alijiuliza miili ya mashahidi itakuwaje siku ya ufufuko. Aliona kwamba viungo vilivyokatwa vitarudishwa, na hata hivyo alama za majeraha huenda zikaonekana, wala hazitakuwa kilema bali fahari. Mama mgonjwa hakuchagua saratani, nasi tusimtwike mzigo wa kuwa shujaa kila siku. Ana ruhusa ya kulia. Lakini kutoka kwa Augustino tunajifunza kwamba kovu na uzuri vinaweza kukaa katika mwili mmoja.

HATUA CHACHE ZA NYUMBANI

1. Mke ajitazame kwanza yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kabla ya kumwonyesha mwingine. Anaweza kuanza kwa kuligusa kovu juu ya nguo.

2. Mume aseme mapema, kabla ya kuulizwa: "Siku utakayokuwa tayari, mimi nipo. Sikuharakishi." Kisha aitimize ahadi hiyo.

3. Siku hiyo isiwe siku ya kudai tendo la ndoa. Kuona kutoshe. Mume aulize kama anaweza kugusa, na mahali gani hapaumi.

4. Kovu likishapona kabisa, na daktari akiruhusu, mume anaweza kusaidia kulikanda kwa mafuta. Mkono ukivimba, au uvimbe ukitokea karibu na kovu, waende hospitali bila kuchelewa.

5. Watafute wengine waliopitia njia hiyo. Nairobi kuna Faraja Cancer Support Trust, iliyoanzishwa mwaka 2010, inayowasaidia wagonjwa na familia zao.

6. Waombe Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Si ya wanaokufa tu. Mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji kwa ugonjwa mzito anaweza kuipokea, mume akiwa kando yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Je, kuna sehemu ya mwili au ya maisha yangu ambayo ninamficha mwenzangu kwa kuogopa macho yake?

Mwenzangu akiniuliza swali gumu juu ya mwili wake, humjibu kweli, au humjibu haraka ili mazungumzo yaishe?

Kama kesho ugonjwa ungeingia nyumbani mwetu, ningependa mwenzangu ajue nini leo?

Zungumzeni maswali haya usiku mmoja wiki hii, watoto wakishalala. Msiogope kuiacha taa ikiwaka.