Je, Apendaye Hubisha Hodi?

Mwaka 2005 mwandishi wa Marekani, Stephenie Meyer, alitoa riwaya iitwayo Twilight, ambayo vijana wa nchi nyingi wameisoma kwa hamu. Msichana Bella, mwenye umri wa miaka 17, anampenda Edward, mnyonya damu aliyezaliwa mwaka 1901 wala hazeeki.

Hatukilaumu kitabu kwa ajili ya mambo yake ya kutisha. Bibi zetu nao walitusimulia habari za mazimwi, wala hatukupotoka. Tena Edward ana sifa moja njema: ana kiu kali ya damu ya Bella, naye huizuia. Kujitawala ndio mwanzo wa mapenzi ya kweli.

Lakini huyu huyu huingia usiku chumbani mwa msichana na kumtazama amelala, naye hana habari. Kitabu chatuonyesha tendo hilo kuwa dalili ya mapenzi. Sisi twauliza: mlinzi asiyeombwa wala kujulikana ana tofauti gani na mwizi? Aizuiaye kiu yake, asiyazuie macho yake, ameshinda nusu ya vita tu.

Enyi wazazi, msiwanyang'anye watoto kitabu hiki. Kisomeni pamoja nao, kisha waulizeni: mgeni mwema hubisha hodi, mpenzi je?