Mgonjwa Haulizwi Uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mtu akilala anatetemeka, humsimamii mlangoni kumwuliza kama anataka, unapika, unampelekea. Methali fupi, lakini imebeba swali zito la maadili: haki ya mgonjwa ni kitu cha kuombwa, au ni kitu cha kupelekewa? Hebu, ndugu msomaji, tulivushe swali hili mto Kilombero, tufike nalo Lupiro, kwenye barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mahenge. Huko ndiko linakouma.

Lupiro ni nchi ya mpunga. Penye mpunga pana maji, na penye maji pana mbu. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ya Waswisi iliyoanzishwa 1957, wamewatega mbu wa Lupiro kwa miaka mingi. Wamewahesabu, wamechunguza wanauma saa ngapi na wanajificha wapi, na majarida ya sayansi ya Ulaya yameandika habari zao. Kwa ufupi, mbu wa Lupiro ni maarufu. Kibarua anayeumwa na mbu huyo hana umaarufu wowote. Akilala na homa siku tatu, daftari la bosi linaandika sifuri mara tatu. Basi.

Sasa tuisikilize sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu. Sharti ni cheti cha daktari. Aliye kazini chini ya miezi sita hapati. Lakini hapo hapo sheria inamtaja mfanyakazi wa msimu kuwa anastahili. Inamtaja pia yule anayeitwa, akaachishwa, akaitwa tena na mwajiri yule yule, mradi jumla ya muda wake ndani ya mwaka imezidi miezi sita.

Najua jibu litakalotoka shambani: "Aa, hayo ya waajiriwa bwana, mimi kibarua tu." Neno hilo "tu" limekula fedha nyingi za watu. Sheria ya Taasisi za Kazi, pacha wa ile ya kwanza, inasema mtu anayemfanyia mwenzake kazi atahesabiwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata dalili moja kati ya kadhaa zilizotajwa: amepangiwa saa za kazi, amepewa zana, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Piga hesabu. Saa 45 ni kama siku tano au sita tu za jembe kwa mwezi. Kibarua wangapi wa mashamba makubwa, mashine za kukoboa na maghala ya bondeni wanafanya zaidi ya hizo?

Basi swali lenyewe: haki usiyoijua ni yako? Mwanasheria atasema ndiyo, iko kitabuni. Lakini tazama kichekesho kilichopo. Tunaambiwa kutojua sheria si utetezi. Yaani asiyejua akikosea, sheria inamfuata hadi nyumbani. Asiyejua akidhulumiwa, sheria inamsubiri ofisini. Hiyo ni mizani gani? Uji umepikwa, umewekwa kabatini, na mgonjwa anaulizwa mbona hali!

Watunga sheria nao walilijua hilo. Ndiyo maana walimwagiza kila mwajiri abandike mahali pa wazi tangazo la haki za mfanyakazi, na asiyeelewa masharti yake ya kazi aelezwe kwa namna atakayoielewa. Kwa hiyo bosi anayekaa kimya hawezi kusema eti hakuuliza, sikumwambia. Ukimya wake una faida, na faida hiyo inaingia mfukoni mwake. Kwangu mimi huo ni udokozi wenye adabu.

Wapo watakaopinga, na tuwasikilize. Wa kwanza atasema vibarua wana tabia ya kutega. Ukiwalipa homa, kila Jumatatu itakuwa homa. Ndiyo kazi ya cheti. Tatizo ni kwamba jamaa akiumwa anapitia duka la dawa, ananunua vidonge, analala. Anapona bila karatasi, na bila karatasi hakuna dai. Kwa hiyo kuijua haki ni pamoja na kujua njia yake: nenda zahanati, pima, omba cheti, itunze.

Wa pili ni mzee mwenye ekari mbili anayeita vijana siku nne wapalilie. Amlipe nani likizo, na yeye mwenyewe akiugua halipwi? Huyu ana hoja. Sheria haimgusi kirahisi, na vijana wanaohama leo shamba hili kesho lile hawana wa kumdai. Lakini tusikimbilie kusema basi hakuna deni. Katika ujima wa wazee wetu, mtu akiugua shamba lake lililimwa na wenzake. Deni la mgonjwa lilikuwepo kabla ya karatasi. Sheria imeliandika kwa mwenye mwajiri mmoja; kwa asiye na mwajiri mmoja, bado linatungoja sisi.

Wala tusidanganyike kwamba ni anasa ya kizungu. Wajerumani waliwapa wafanyakazi wao bima ya ugonjwa mwaka 1883: nusu ya ujira kwa hadi wiki 13. Miaka miwili baadaye walikuja kuitwaa nchi hii, wakawalimisha watu pamba kwa kiboko hadi Maji Maji ilipolipuka 1905. Walijua vizuri kabisa mgonjwa anastahili nini. Waliamua tu ni mgonjwa yupi.

Tunapenda kusema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Haya, mwenye duka likiungua tunampa pole na tunamsaidia kuanza upya. Mwenye nguvu akiungua kwa homa tunamwambia kesho usije. Hofu ya neno hilo, "kesho usije", ndiyo inayomfanya hata anayejua asidai. Mmoja akidai anaitwa mkorofi. Kumi wakidai ni mazungumzo, na mazungumzo yakishindikana ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako dai la malipo hupelekwa ndani ya siku 60.

Sisi tunaosoma magazeti na kuota kuandika vitabu tumezoea kuuliza tuandike nini. Mjomba wako yuko shambani, dada yako yuko mashine ya mpunga. Una kalamu. Namba 126, 63 na 63 zinaenea kwenye kipande cha boksi la sabuni. Umeshamwandikia nani?