Taa na Wavu: Sifa na Ujira wa Msanii

Mtu asimamaye Ujiji usiku wa giza akatazama Ziwa Tanganyika huona taa nyingi juu ya maji, mithili ya mji uelao. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri. Mwanga huwavuta dagaa, na wavu huwanasa. Mvuvi huigharimia taa kwa ajili ya wavu. Awashaye taa usiku kucha bila ya kutupa wavu, dagaa humzunguka kwa maelfu, lakini alfajiri hurudi mwaloni Kibirizi na mtumbwi mtupu.

Hali hii ndiyo ya msanii asiye na mwajiri: mchoraji, mpiga picha, mwimbaji au mwandishi aishiye kwa kazi moja moja. Angali hajulikani, huombwa kazi ya bure, na ahadi apewayo ni kwamba jina lake litaenea. Je, ni haki kazi kulipwa kwa sifa?

Yafaa ikubaliwe kwanza kwamba si kila kazi ya bure ni hasara. Mwanagenzi hana budi kuonyesha ujuzi wake kabla ya kuaminiwa. Msoma kaswida katika maulidi ya jirani, au mchoraji apambaye ukuta wa shule iliyomlea, hakudhulumiwa. Ametoa, na kutoa ni moyo. Lakini zawadi ina alama mbili: mtoaji aliweza kukataa, na mpokeaji hakuigeuza kuwa bidhaa. Mwenye hoteli atakaye picha za bure ili avute wageni wa kulipa ameikosa alama ya pili. Seremala aliyemtengenezea vitanda hakuahidiwa sifa, alilipwa. Kwa nini mchoraji peke yake ashibe maneno?

Pili, ahadi yenyewe ipimwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, humtambulia mtunzi haki za namna mbili: za kiuchumi, yaani kufaidi mali itokanayo na kazi yake, na za kimaadili, ambazo miongoni mwake ni kutajwa kuwa yeye ndiye mtunzi. Haki moja si malipo ya nyingine. Basi asemaye, "Hatutakulipa, lakini tutakutaja," anamwuzia mtu kanzu iliyo mwilini mwake mwenyewe.

Tena sifa si fedha mpaka ipokelewe sokoni. Katika karne ya 19 soko la Ujiji lilitumia shanga zilizoitwa sofi badala ya sarafu. Zilikuwa vitu vidogo, lakini zilipata thamani kwa kuwa kila muuzaji alizikubali. Sifa haijapata kukubaliwa hivyo. Mwenye nyumba haipokei kuwa kodi, wala muuza mawese haijazii chupa.

Dhara kubwa zaidi huwapata wengine. Kijana alishwaye na baba tajiri aweza kufanya kazi bure miaka mitatu. Mtoto wa mvuvi hawezi miezi mitatu. Desturi hiyo ikienea, wa kwanza hushusha bei ya wa pili bila ya kumjua, na wa pili huiacha sanaa, si kwa kukosa kipaji bali kwa kukosa chakula. Mwishowe sanaa hubaki kwa wenye nacho, na ziwa husimuliwa na watu wasiopata kulivua.

Wako wajibuo kwamba kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini methali yasema chajiuza, haikusema chajigawa.

Kwa hiyo mizani ya msanii haikai katika kukataa kila kazi ya bure, wala katika kuipokea kila moja. Imo katika kujua, kabla ya kukubali, anampa nani, kwa sababu gani, na hadi lini. Aombaye naye ajiulize kama angethubutu kumwambia fundi wa mabati maneno yale yale. Mvuvi huikagua taa yake kabla ya kuingia ziwani. Hana hakika ya samaki, lakini anajua mwanga wake utadumu saa ngapi, na ni wangapi wanaomngoja nyumbani asubuhi.